Mawaridi Kumi na Mawili Yasiyougua

Nianze kwa kukiri. Mwaka ule sikuyatazama mawaridi.

Niliyapita kila asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, nikielekea kwenye banda la kazi. Yalikuwa kumi na mawili, moja kwenye kichwa cha kila mstari wa shamba, upande wa nyumbani. Yalichanua vizuri kupita kawaida. Majani yake yaling'aa kana kwamba kuna mtu aliyeyafuta moja moja kwa kitambaa.

Bonde zima lilikuwa limepauka kwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika majani. Maboga, mizabibu, hata vichaka vya kando ya barabara.

Ya kwetu tu ndiyo yalikuwa safi.

Nilifundisha kemia chuo kikuu kwa miaka tisa. Nililipwa ili nione kile ambacho wengine wanakipita. Nami nikapita, nikanywa kahawa yangu.

Kisha, wiki ya mwisho ya Novemba, ikaja barua ya maabara yenye jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hudhani nimechanganya maneno. Maua yetu ya bangi yalikuwa yamepimwa na kufaulu. Mafuta tuliyoyakamua kutoka kwenye maua hayo hayo yalikuwa na sumu.

Hakuna aliyeongeza kitu. Mtungi haukufunguliwa na mgeni. Nilikuwa nimeyakamua mwenyewe, kwa mikono hii.

Niwaeleze tangu mwanzo.

Shamba letu liko bonde la Applegate, kusini mwa Oregon. Baba alilima bangi hapo tangu enzi za kuificha chini ya misonobari na kuzima taa gari likipita. Sheria ilipobadilika alichukua leseni, akaanza kulima mchana kweupe, na mkaguzi akija anaandaliwa kahawa.

Baba alifariki Aprili ya mwaka huo. Maradhi yalimla polepole tangu Oktoba. Shamba likabaki mikononi mwa dada yangu Ardith, mkubwa wangu kwa miaka sita. Hakuwahi kufanya kazi mahali pengine popote maishani mwake, na alikuwa amemwahidi baba kitandani kwamba ardhi ile haitauzwa.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo na kurudi nyumbani. Ardith aliniita Profesa, na hakuwa akinisifu.

Tatizo letu lilikuwa hili: kila mtu alikuwa amelima. Maua yalijaa maghalani mpaka yakakosa mnunuzi. Watu walikuwa wakiyafukia mashambani kama mbolea.

"Dada, tusiuze maua," nilimwambia Agosti ile. "Tukamue mafuta."

"Mafuta gani tena, Profesa?"

"Yale mazito, ya rangi ya asali. Ndiyo yanayotafutwa sasa."

"Baba aliuza maua miaka arobaini."

"Baba hakuwahi kuona maua yakikosa wa kuyachukua hata bure."

Aliokota kijiti, akakivunja vipande vinne.

"Tukikosea mwaka huu," alisema, "hakuna mwaka mwingine. Unalijua hilo? Nikikosa cha kuuza msimu huu, leseni sina uwezo wa kuihuisha. Shamba limekwenda."

"Hatutakosea."

Ndivyo nilivyosema. Maneno hayo nayakumbuka pamoja na sauti niliyoyasemea.

Ukilitazama ua la bangi kwa lenzi, utaona limefunikwa na vinywele vidogo vyenye vichwa vya utomvu, kama pini za kioo. Nguvu yote ya mmea imo humo. Majani na vikonyo ni mzigo tu.

Kukamua ni kuutenga utomvu na mzigo. Maua huoshwa kwa spiriti iliyopozwa kwa baridi kali. Spiriti hubeba utomvu. Kisha mashine huiondoa spiriti taratibu, mpaka chini kibaki kitu kizito cha dhahabu, kinachong'ang'ania kijiko na kugoma kudondoka. Magunia kwa magunia ya maua huishia kwenye mitungi inayotosha rafu moja.

Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia sentensi moja kila muhula: mashine haiongezi kitu, inakusanya. Chochote kinachoyeyuka pamoja na utomvu, itakukusanyia.

Nilikuwa nikiisema huku nimeupa mgongo ubao, bila kutazama karatasi.

Oktoba tulivuna. Maua yakapelekwa kupimwa, yakarudi yamefaulu. Ardith alikuja bandani na karatasi ya matokeo, akanikuta nafunga mipira ya mashine.

"Hutajaribu kidogo kwanza?" aliuliza. "Mtungi mmoja tu, tuupeleke maabara, ndipo tuendelee?"

"Maua yamefaulu, dada. Mafuta yatatoka wapi kama si kwenye maua?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua."

"Basi niachie."

Akaniachia.

Kwa siku kumi na moja nilikamua mavuno yote. Sikubakiza hata gunia moja la maua.

Sasa kuhusu mawaridi.

Wenye mizabibu wa bonde letu wana desturi ya kupanda waridi kwenye kichwa cha kila mstari. Mgeni hudhani ni pambo. Ubwiri unga ukiingia shambani, waridi huugua mapema, mwenye shamba akaona jani jeupe na kujua kwamba mizabibu nayo iko hatarini. Waridi limewekwa pale liugue kabla ya wengine.

Jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, mzee Orrin Pruett, alikuwa na mizabibu. Mkewe Lorene ndiye aliyemletea mama yangu vipandikizi kumi na viwili, tulipokuwa bado wadogo. Walikuwa marafiki wa kweli, wale wa kuingia jikoni kwa mwenzake bila hodi.

"Verna," Lorene alimwambia mama, nami nikiwepo, "haya usiyapulizie dawa hata siku moja. Kazi yake ni kuugua."

Lorene naye alishafariki. Mawaridi yake yalibaki pande zote mbili za uzio.

Mistari yetu ya bangi ilianzia nyumbani, kwenye mawaridi, ikaishia kwenye uzio wa mzee Orrin. Shikeni hilo, litahitajika.

Barua ile ya maabara ilipofika, Ardith aliifungulia mezani jikoni. Alisoma, akarudia, akanisukumia.

"Hili jina refu ni la nini?"

Nililisoma, nikalitambua.

"Dawa ya ubwiri unga. Ni marufuku kabisa kwenye bangi, kwa sababu ikiunguzwa inatoa hewa ya sumu."

"Tuliipulizia lini?"

"Hatujawahi."

"Na maua je? Si yalifaulu?"

Ikabidi nimweleze. Dawa ilikuwemo kwenye maua, kidogo sana, chini ya kiwango ambacho maabara inakataa. Yangeuzwa vile vile, yangepita kihalali. Lakini nilikuwa nimeyachukua magunia yote yale na kuyaweka kwenye mitungi ya rafu moja, na dawa nayo ikaingia humo pamoja na utomvu, ikiwa imekusanyika.

Ardith aliivuta barua kwake tena.

"Kwa hiyo tungeyaacha kama yalivyo..."

"Ndiyo."

"Usiongee tena, Hollis. Tafadhali."

Mama alikuwa amesimama kwenye sinki. Alikausha mikono, akavaa miwani, akaichukua barua na kuisoma yote. Kisha akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka mezani, akatoka kwenda kulisha kuku.

Nilidhani ni huzuni.

Ardith alikuwa ameshageukia dirisha, anatazama mwisho wa shamba, kule kwenye mizabibu.

"Orrin," alisema.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa kwenye uzio.

"Mzee Orrin! Toka tuongee!"

Alikuja taratibu, mkasi wa kupogolea mfukoni, kofia imefunika nyusi.

"Naona leo hata salamu hakuna, binti."

"Salamu utazipata ukinijibu. Ulipulizia nini Julai?"

"Salfa. Ule unga wa njano. Babu yangu alipulizia huo huo."

"Acha zako! Nina karatasi ya maabara hapa. Mafuta yangu yote yana dawa ya ubwiri unga, na upepo wa hapa unatoka kwako kuja kwangu."

"Unanifundisha upepo, wewe? Nimeishi na upepo huu miaka sabini na mmoja."

"Mvinyo umekulewesha mpaka umesahau ulichotia kwenye bomba!"

"Na wewe moshi wa bangi umekufanya uone wachawi."

"Mzee, usinizingue. Hili ni shamba la baba."

Aliposikia neno baba, uso wake ulilegea. Alivua kofia.

"Ardith, nisikilize. Mawaridi ya Lorene upande huu yamekuwa meupe tangu Julai, kama yamemwagiwa unga wa ngano. Njoo uyaone. Mtu anayepuliza dawa hiyo hawezi kuwa na mawaridi ya namna hiyo. Na ukitaka kujua zaidi, geuka utazame..."

Akakatisha.

Macho yake yalikuwa yamepita juu ya mabega yetu, yakaenda mpaka nyumbani. Niligeuka. Mama alikuwa kwenye dirisha la jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, anatutazama.

"Nitazame nini?" Ardith aliuliza.

Mzee Orrin alirudisha kofia kichwani.

"Basi. Nendeni ndani, kuna baridi."

Tulipokuwa tunarudi, Ardith alikuwa akitetemeka kwa ushindi.

"Umemwona? Ameishiwa maneno. Kibabu kimeishiwa."

"Nimemwona," nilisema.

Nikawa nimekubali.

Wiki hiyo hiyo Ardith aliandika malalamiko kwa ofisi ya kilimo ya jimbo. Kama ingethibitika kwamba dawa ilitoka kwa jirani, bima ya jirani ingefidia mavuno, leseni yetu isingeguswa. Lilikuwa tumaini pekee lililobaki, na alilishika kwa meno.

Mkaguzi alikuja, akachukua majani ya mwisho yaliyobaki kwenye mizabibu ya mzee Orrin, akayatia kwenye mifuko, akaondoka. Matokeo, alisema, yatachukua wiki kadhaa.

Kiwanda cha mvinyo kilichonunua zabibu za mzee Orrin kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kikijivunia kwenye kila chupa kwamba zabibu hizo hazijaguswa na dawa za viwandani. Habari za malalamiko zilikifikia kabla majani hayajafunguliwa maabara. Hawakumlaumu kwa lolote. Walimwandikia barua ya heshima sana kwamba msimu ujao watanunua kwingine.

Tulisikia habari hiyo dukani. Ardith alilipa mkate wake, akatoka.

Mimi nina tabia moja niliyotoka nayo chuo. Situpi sampuli. Wakati wa mavuno nilikuwa nimejaza chupa ndogo ishirini na nne: kwa kila mstari, chupa ya maua ya mwanzo wa mstari, upande wa nyumbani, na chupa ya mwisho, upande wa uzio. Zilikuwa zimelala kwenye friza bandani, kila moja na karatasi yake.

Nilitaka kumsaidia dada yangu. Niliwaza hivi: kama dawa ilipeperushwa kutoka kwa mzee Orrin, chupa za upande wa uzio zitakuwa nayo zaidi. Huo utakuwa ushahidi ambao hakuna bima itakayoupinga.

Niliosha kila chupa kwa spiriti baridi, peke yake, kwa uangalifu ambao ningepaswa kuwa nao Oktoba. Nilipata matone ishirini na manne ya mafuta. Niliyapeleka maabara mwenyewe.

Januari majibu yalirudi.

Nilifungua bahasha ndani ya gari, kwenye maegesho ya maabara.

Upande wa uzio, chupa zote kumi na mbili: hakuna kitu.

Upande wa nyumbani, chupa zote kumi na mbili: sumu.

Niliisoma karatasi kuanzia juu kwenda chini, kisha kuanzia chini kwenda juu, kama mwanafunzi anayetafuta alama ambazo mwalimu amesahau kumpa. Halafu nikayaona mawaridi. Sikuwa nayo mbele yangu, nilikuwa maili ishirini kutoka nyumbani. Niliyaona kwa kumbukumbu, majani yake yaking'aa Julai yote, Agosti yote, bila hata doa, nami nikipita na kahawa.

Mama alikuwa jikoni, anamenya peasi za kuweka kwenye chupa. Ganda lilikuwa likishuka kutoka kwenye kisu kama utepe.

Nilivuta kiti.

"Mama, ile chupa ya dawa iko wapi?"

Kisu hakikusimama. Ganda halikukatika.

"Niliipeleka jaani siku ile ile ya barua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wake. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Kwa jibu hilo sikuwa nimejiandaa.

"Ulijua."

"Jina nililisoma, Hollis. Sina elimu yako, lakini herufi nazijua. Refu, gumu, na lilikuwa kwenye chupa yangu."

"Lorene alikuambia usiyapulizie."

"Lorene aliniambia nipande kitu niwe nakitazama kianze kuugua." Aliweka peasi kwenye bakuli, akachukua nyingine. "Baba yako nilimtazama tangu Oktoba mpaka Aprili. Kila asubuhi namfunua shuka nione leo ugonjwa umefika wapi. Julai nikatoka nje, nikaona vidoa viwili vyeupe kwenye jani. Nikasema hapana. Mwaka huu sitazami tena. Nikaenda dukani."

"Na bangi je? Mawaridi peke yake yasingetufikisha hapa."

"Yalibaki mabaki kwenye bomba. Nikaona na mimea ya mwanzo wa mistari ina vidoa. Nikasema na hii nimsaidie Ardith, yuko peke yake siku hizi." Alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa kidogo tu, mwanangu. Kiasi cha kulowesha majani."

"Najua mama."

"Kidogo kabisa."

"Najua. Ilikuwa kidogo. Maua yalifaulu."

Aliyeifanya iwe nyingi nilikuwa mimi. Sikulisema hilo kwa sauti, lakini nadhani alilisikia, maana alinyoosha mkono wenye maji ya peasi akanishika kifundo cha mkono.

"Mbona hukusema, mama? Ardith anamtukana mzee wa watu pale kwenye uzio, na wewe uko dirishani."

"Kila siku nilisema nitasema kesho. Kisha akaandika ile barua ya serikali. Jambo likawa kubwa kuliko mdomo wangu."

Peasi zilianza kubadilika rangi kwenye bakuli. Hakuna aliyezishughulikia.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Lazima."

"Basi mwambie akiwa amekaa."

Alikuwa amekaa. Alikuwa kwenye usukani wa gari la shamba, mlango wazi, anafunga kamba za buti. Nilimpa karatasi ya maabara, nikamweleza kwa sentensi tano au sita. Nilizipanga njiani.

"Mama?" alisema.

"Mama."

Hakupiga kelele. Ningeona afadhali angepiga. Alishika usukani kwa mikono miwili huku gari limezimwa.

"Nani mwingine anaijua hii karatasi?"

"Sisi watatu."

"Majani ya Orrin hayajarudi."

"Bado."

"Yakirudi safi, tunaweza kusema mvua iliyaosha. Watu husema hivyo. Wanasheria wapo." Aliongea polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Tukinyamaza, shamba linaweza kubaki."

Sikujibu.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana wanafunzi hawakukupenda, Profesa. Unamwacha mtu ajikute mwenyewe ndani ya shimo." Alicheka bila sauti, akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nipe kalamu."

Aliandika juu ya boneti, akiwa amesimama. Aliondoa malalamiko yote. Akaeleza kwamba dawa ilitumika ndani ya shamba letu, na kwamba yeye, mwenye leseni, ndiye anayewajibika. Jina la mama hakuliandika popote.

Alijua anachotia sahihi. Mwenye leseni anayekiri dawa ya marufuku hana leseni tena.

Mkaguzi alirudi Februari kushuhudia mafuta yakiharibiwa. Utaratibu ni kwamba yachanganywe na taka mpaka yasifae kwa lolote. Tulitumia mchanga wa kujisaidia paka, magunia mawili, kwenye beseni la kuchanganyia saruji.

Nilifungua mitungi mmoja mmoja. Mafuta yalikuwa mazuri kweli, wazi kama asali ya kwanza. Sumu ile haina rangi wala harufu. Yalishuka taratibu mno, yakanata kwenye kingo, ikabidi Ardith akwangue kila mtungi kwa mwiko.

"Hata kufa hayataki haraka," alisema mkaguzi, akitaka kutuchekesha. Alikuwa mtu mwema.

Ardith aliendelea kukwangua.

Majani ya mzee Orrin yalikuwa yamerudi wiki moja kabla ya siku hiyo. Safi. Hakuna aliyeshangaa. Kiwanda kilipelekewa nakala, kikajibu kwamba kimefurahi kusikia, na kwamba mikataba ya msimu imeshasainiwa.

Nilikwenda kwake nikiwa na nakala ya barua ya Ardith. Nilipitia langoni. Tangu utotoni nilizoea kuruka uzio, lakini siku hiyo niliona si adabu.

Nilimkuta amesimama kando ya shamba, mikono mfukoni. Mashine ilikuwa inang'oa mizabibu. Ilikamata shina, ikavuta, mizizi ikatoka na udongo wake, ikarushwa juu ya rundo. Kisha shina jingine. Kwenye vichwa vya mistari mawaridi ya Lorene yalikuwa yameshang'olewa, yamelala juu ya rundo pamoja na mengine.

"Nimemuuzia mtu wa mji," alisema kabla sijafungua mdomo. "Anataka kuweka farasi."

Nilimpa barua. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, akanirudishia.

"Dada yako ana mwandiko mbaya."

"Mzee Orrin, haikuwa Ardith. Ilikuwa..."

"Najua ilikuwa nani."

Mashine ilivuta shina. Tulisubiri kelele zipite.

"Nilimwona Julai," alisema. "Yuko na bomba mgongoni, anakwenda waridi hadi waridi, anaongea peke yake. Baadaye akaingia kwenye mistari yenu. Nikasema, Verna, Lorene angekukata mkono. Nikaendelea na kazi yangu. Mwanamke amezika mume Aprili, anapulizia maua. Nani atamkemea?"

"Lakini siku ile kwenye uzio ulikuwa na jibu. Ungemwambia Ardith pale pale, yote haya yasingetokea. Zabibu zako..."

"Nilikuwa nalo mdomoni."

"Sasa kwa nini?"

"Nilimwona dirishani." Alitikisa kichwa. "Anatutazama kama mtu anayengoja kupigwa. Basi nikasema nitamwachia aseme mwenyewe. Atasema leo, au kesho. Verna namjua, hawezi kukaa na jambo." Alivuta pumzi. "Kumbe sikumjua hivyo."

"Tusamehe, mzee."

Alitazama rundo la mizizi.

"Nenda nyumbani, Hollis. Umekuja kwa adabu, nimekuona. Lakini sina cha kukupa cha kupeleka kwenu."

Niliondoka kwa njia ile ile niliyoingilia.

Wanaonisoma hapa hupenda mtu amalize kwa somo. Langu ni dogo, na limenichukua miaka mitatu kulipata.

Kila mmoja wetu alikuwa na kitu kidogo alichokinyamazia. Mama alikuwa na chupa. Mzee Orrin alikuwa na sentensi aliyoikatisha. Mimi nilikuwa na mawaridi niliyoyapita, na swali la dada yangu nililolijibu kwa kiburi. Kila kimoja, peke yake, kilikuwa chini ya kiwango. Kingetamkwa mapema, kisingemuumiza mtu wala kuliua shamba. Tulivinyamazia vyote, vikakusanyika. Mwenye kitu kidogo cha kusema na akiseme kikiwa bado kidogo. Mimi nililifundisha hilo kwa miaka tisa nikidhani nafundisha kemia.

Mzee Orrin anaishi kwa binti yake pwani, na hajatuandikia. Ardith yuko kiwanda cha mbao Grants Pass, zamu ya asubuhi. Huja Jumapili, akala, akaosha vyombo pamoja na mama bila wao kuzungumza. Mimi napima maji ya visima vya watu.

Mama hapulizii kitu tena. Mwaka huu ubwiri unga uliyafikia mawaridi yote kumi na mawili wiki ya kwanza ya Julai. Niliyaona asubuhi hiyo hiyo. Nyuma yake, mpaka kwenye uzio, hakuna kilichopandwa.